Jinsi ya Kuchagua Njia ya Kuingia Uuguzini Marekani Ukiwa na Shahada ya Fani Nyingine

Mtu aliyekwisha kupata shahada ya historia, uhasibu au biolojia, kisha akaamua kuwa muuguzi nchini Marekani, halazimiki kuanza chuo upya kwa miaka minne. Anaweza kusoma shahada ya kwanza ya uuguzi ya muda mfupi, maarufu kama ABSN, ambayo kwa kawaida humalizika kati ya miezi 11 na 18, au akaingia moja kwa moja katika shahada ya uzamili inayowapokea wasio wauguzi, ambayo huchukua miaka miwili hivi au mitatu kulingana na inakoishia.

Linalowachanganya wengi ni kwamba njia zote mbili humfikisha mwanafunzi kwenye mtihani uleule, NCLEX-RN, na leseni ileile ya muuguzi aliyesajiliwa. Uzamili hauleti leseni ya juu zaidi, na mhitimu wake anayeanza kazi wodini kwa kawaida hupewa zamu, majukumu na mshahara unaokaribiana sana na wa mwenzake wa ABSN. Jina la shahada, basi, si kigezo cha kutosha.

Kigezo chenye uzito ni kazi unayoitaka baada ya miaka mitano, kwa sababu uzamili wa aina hii si mmoja. Baadhi ya vyuo humtoa muuguzi wa jumla, mara nyingi vikimwandaa kwa cheti cha CNL, yaani muuguzi anayeratibu huduma na kufuatilia ubora wake wodini. Vingine huendelea hadi kwenye ubobezi, kwa mfano wa afya ya akili au wa afya ya familia, ambapo mhitimu huruhusiwa kupima wagonjwa, kutambua maradhi na kuandika dawa. Anayesoma uzamili wa jumla kisha akatamani kuandika dawa atalazimika kurudi darasani, ama kwa cheti cha baada ya uzamili ama kwa shahada ya udaktari wa uuguzi, na kulipa ada nyingine. Kwa maoni yangu, asiyejua bado anapenda tawi gani anafaa kuchagua ABSN, afanye kazi mwaka mmoja au miwili, kisha aamue akiwa ameshaziona wodi. Uzamili wa ubobezi unamfaa anayejua kwa hakika anachokitaka, ingawa huyo naye ajiandae kuulizwa na waajiri kuhusu uzoefu wake.

Fedha nazo hubadili hesabu. Mwanafunzi wa ABSN huhesabiwa kuwa wa shahada ya kwanza: hapati ruzuku ya Pell ya serikali kuu kwa kuwa tayari ana shahada, na mikopo ya moja kwa moja ya serikali kuu kwa asiye tegemezi kwa wazazi haizidi dola 12,500 kwa mwaka na dola 57,500 kwa jumla, ikihesabiwa pamoja na ile aliyokopa zamani. Wa uzamili anaweza kukopa dola 20,500 kwa mwaka, lakini sheria ya 2025 imeufunga mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo la ada, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Kwa upande mwingine, mwajiri anaweza kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kukatwa kodi ya mapato, na waajiri wengi wa hospitali hutoa msaada wa namna hiyo. Ndiyo maana kuanza na ABSN na kusoma uzamili ukiwa kazini huweza kupunguza deni.

Kabla ya kutuma maombi, hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi, na idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo, kisha uliza wahitimu wangapi hufaulu NCLEX-RN kwa mara ya kwanza. Kwa uzamili wa ubobezi, uliza pia ni nani anayetafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo, maana vipo vyuo vinavyomwachia mwanafunzi kazi hiyo. Uliza vilevile kama inawezekana kufanya kazi ukisoma. Kwa ABSN jibu la kweli mara nyingi ni hapana.

Masomo ya awali, yaani anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia na takwimu, hufanana sana kwa njia zote mbili, kwa hiyo unaweza kuanza kuyasoma kabla hujaamua. Angalia tu muda ambao kila chuo huyatambua, kwa kuwa vingi havikubali masomo ya sayansi yaliyopitwa na miaka kadhaa.