Mapora Wanapozidi Bandani

Ukiangua vifaranga nyumbani, tarajia kwamba takriban nusu yao watakuwa madume, na nusu hiyo ndiyo itakayokusumbua miezi minne au mitano baadaye. Hadi hapo mapora, yaani majogoo wachanga, hula pamoja, hulala kwenye fito moja na ugomvi wao hauzidi mchezo. Lakini homoni za uzazi zinapopanda, upanga wa kichwani huiva wekundu, sauti huanza kukwaruza kwa kujaribu kuwika, na kila mmoja hutaka kujua nani yuko juu yake na nani yuko chini.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, tenganisha ugomvi wa kawaida na ugomvi wa hatari. Mapora wawili wanaosimama uso kwa uso wakiwa wameinamisha vichwa, manyoya ya shingo yametanuka kama mwavuli, wakarukiana mara mbili tatu, kisha mmoja akageuza kichwa na kwenda zake, wamekwisha kulimaliza shauri lao, na mfugaji anayekimbilia kuwaamua huliahirisha tu hadi kesho. Hatari huanza pale aliyeshindwa anapokimbia na bado akafuatwa, anapokosa mahali pa kujificha, au damu inapoonekana, kwa sababu kuku huvutwa na damu na wanaweza kumdonoa mwenzao mpaka afe. Huyo mtoe mara moja, msafishe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na usimrudishe kabla kidonda hakijapona.

Watazame na mitetea. Mgongo ulionyonyoka manyoya, kisogo kilichochubuka, au kuku anayekataa kushuka kutoka kwenye fito asubuhi, ni ushahidi kwamba madume wamezidi. Pora bado hajajifunza kumzunguka jike kwa kushusha bawa kama afanyavyo jogoo mzima. Yeye humvizia, na mara nyingi watatu wanne humwandama mtetea mmoja kwa zamu. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni jogoo mmoja kwa majike 8 hadi 12, kwa hiyo mwenye majike 10 na mapora sita asijisumbue kutafuta dawa ya ukali: tatizo lake ni hesabu.

Suluhisho ninalolipendelea kuliko yote ni kuwatenga madume katika banda lao wenyewe kabla mitetea hawajaanza kutaga, tena mahali wasipoweza kuwaona. Wengi huogopa kwamba wakifungiwa pamoja watauana, kumbe mapora waliokua pamoja, wasio na jike wa kumgombea, kwa kawaida huishi kwa utulivu wa kushangaza. Wape nafasi ya kutosha, vyombo vya chakula na maji katika pembe mbalimbali ili mbabe mmoja asivilinde vyote, pamoja na mbao chache zilizoegemezwa ukutani ili anayekimbizwa apotee machoni pa anayemkimbiza. Usiingize jogoo mgeni humo, na ukimtoa mmoja kwa siku kadhaa, ujue akirudi atapokewa kama mgeni.

Wakiwa humo, chagua wa kubaki. Usidanganywe na ukubwa wala rangi. Mtafute yule anayekupisha unapoingia na asiyemng'ang'ania aliyekwisha kushindwa. Anayewarukia watu miguuni, hasa penye watoto, hafai kuwekwa kwa mbegu. Waliobaki wauzwe au wachinjwe mapema, kwani wakikawia nyama yao hukakamaa na chakula wanachokula hakirudishi faida. Kipi, yaani ule mwiba wa nyuma ya mguu, kinaweza kupunguzwa ncha kwa tupa, lakini kisikatwe kwa kina, kwa kuwa ndani yake mna mfupa na mishipa ya damu.

Jogoo uliyemchagua mpeleke kwa majike usiku, umweke kwenye fito wakiwa wamelala, kisha uamke mapema na ukae karibu na banda saa ya kwanza ya asubuhi. Akiokota punje, akaiangusha na kuwaita majike waje waile, umepata jogoo; akianza siku kwa kuwakimbiza, mrudishe kwa wenzake na ujaribu mwingine.