Picha za HDR: kazi kubwa iko kwenye kamera, si kwenye kompyuta

Chumba chenye dirisha, nje jua kali. Ukipima mwanga wa ndani, dirisha linageuka doa jeupe. Ukipima wa nje, chumba kinazama gizani. Sensa haiwezi kubeba vyote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo unapiga picha kadhaa zenye mwanga tofauti, kisha unaziunganisha: hiyo ndiyo HDR.

Funga kamera kwenye tripodi na uzime kizuia mtikisiko cha lenzi. Weka RAW (faili ghafi ya kamera), ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), modi ya M (unayopanga kila kitu mwenyewe) na f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi). Fokasi iwe ya mkono, na mizani ya weupe, inayorekebisha rangi ya mwanga, usiiache kwenye oto. Kinachobadilika ni spidi ya shata peke yake. Ukibadilisha tundu la lenzi, kina cha fokasi (eneo linaloonekana kwa ukali) nacho kinabadilika, na picha hazitalingana zikikutanishwa.

Washa AEB, ambapo kamera yenyewe hubadilisha mwanga picha hadi picha: picha 3 zilizopishana stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), mfano 1/500, 1/125 na 1/30. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Kabla hujaondoka, kagua histogramu, yaani grafu ya mwanga yenye giza kushoto na weupe kulia: kwenye picha yenye giza zaidi, grafu isibanane na ukingo wa kulia; kwenye yenye mwanga zaidi, isibanane na wa kushoto. Ikibanana, ongeza picha ziwe 5. Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani programu itarudisha mawingu ambayo hakuna picha hata moja iliyoyanasa.

Kwenye programu ya kuhariri picha ya Lightroom Classic, ya Windows, chagua picha zote, bonyeza Ctrl+H, ruhusu zipangwe zenyewe. (Luminance HDR ni ya bure na inatosha.) Majani yaliyopepea huacha mizimu, yaani jani moja kuonekana mara mbili. Kiondoa mizimu kianze kiwango cha chini, kwa sababu sehemu inayorekebishwa huchukuliwa kutoka picha moja tu, na vivuli vyake vinaweza kuwa na chengachenga.

Mwisho shusha sehemu angavu, inua vivuli, lakini kivuli kibaki kivuli. Ukiona utepe mweupe kando ya paa linapokutana na anga, umezidisha kontrasti ya karibu (tofauti ya mwanga kati ya sehemu zinazopakana), rudisha nyuma.

Watoto wanaokimbia, au mawimbi? Achana na HDR. Piga RAW moja, linda sehemu angavu, vivuli utaviinua baadaye.