Kabla ya kwenda Loutro, kijiji cha Krete kisichofika gari

Loutro ni kijiji kidogo cha nyumba nyeupe zenye milango na madirisha ya buluu, kimejikunja kwenye ghuba ya pwani ya kusini ya Krete, kisiwa cha Ugiriki. Nyuma yake mlima umesimama kama ukuta. Barabara haifiki. Unakwenda kwa feri kutoka Chora Sfakion, mji mdogo wa bandari, mwendo wa kama dakika 20, au kwa miguu. Ule utulivu wa asubuhi, unaposikia kengele za mbuzi na maji yakigonga kokoto, umeletwa na kukosekana kwa barabara, na maandalizi yako pia yafuate hapo. Kabla hujatafuta tiketi ya ndege, jua kwanza feri inakwenda siku zipi.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, kazi kubwa ni viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ugiriki na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini yanaweza kuvutwa hadi 45, kwa hiyo usiombe dakika za mwisho. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudi ukikataliwa. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki hai miezi 3 baada ya siku utakayotoka. Ndugu zetu wenye ukaazi halali wa Oman au Uingereza huombea huko huko wanakoishi. Vyumba vya Loutro ni vichache, na vya Julai na Agosti huwahiwa mapema. Hata hivyo, kabla viza haijatoka, shika chumba ambacho unaweza kukifuta bila kukatwa pesa.

Sasa suala la majira, na hapa naomba usome kwa makini. Feri huwa nyingi kuanzia Aprili hadi Oktoba. Majira ya baridi zinabaki chache mno na sehemu kubwa ya kijiji hufungwa. Hata wakati wa joto, upepo ukichafuka feri haitoki. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka bahari hii. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, mabaharia waliokuwa na Paulo walitaka kwenda kukaa majira ya baridi kwenye bandari ya Foinike, na wasomi wengi wanaitambua bandari hiyo kuwa hapa hapa, Loutro na ghuba jirani ambayo wenyeji wanaiita Finikas. Waling'oa nanga upepo mwanana wa kusini ukivuma. Haukupita muda, upepo mkali wa kutoka nchi kavu ukawakamata, na bandari waliyoitamani hawakuiona. Waliishia Malta, merikebu ikiwa imevunjika. Nilipokuwa nimekaa kwenye kuta za ngome ya zamani juu ya kijiji, nikitazama maji yalivyobadilika rangi kwa saa moja tu, kisa kile kilinikaa tofauti kabisa na nilivyokisoma utotoni.

Kwa hiyo usipange kutoka Loutro asubuhi na kupanda ndege jioni ile ile. Usiku wa mwisho lala Chania, mji wenye uwanja wa ndege. Siku moja mwezi wa Mei niliona familia yenye watoto watatu imeketi juu ya masanduku gatini tangu asubuhi, feri imesimamishwa, ndege yao iko usiku. Baba alikuwa akitazama bahari, kisha simu, kisha bahari. Sijui walifikaje, lakini usiku mmoja wa Chania ungewaokoa.

Kutoka Chania hadi Chora Sfakion kuna basi, safari ya takriban saa mbili kupitia Milima Myeupe. Upande wa kusini barabara inateremka kwa kona kali sana. Mwenye kutapika njiani ameze dawa yake mapema na aketi mbele. Linganisha ratiba ya basi na ya feri kabla hujalipa chochote, maana kukosa feri ya mwisho ni kulala Chora Sfakion. Wakati wa kurudi, feri za alasiri hujaa watu waliotembea korongo la Samaria, wanaopandia Agia Roumeli, kijiji kilichoko mwisho wa korongo hilo. Mwenye mizigo au watoto atapata nafuu akiondoka asubuhi.

Mizigo yenyewe ipunguze. Sanduku la magurudumu linateseka kwenye kokoto na ngazi, na chumba chako huenda kiko juu kabisa. Begi la mgongoni linatosha. Na kama unawaza kufika kwa miguu kutoka Chora Sfakion, ni saa mbili hadi mbili na nusu juu ya njia nyembamba ya mawe, kuna mahali inapita ubavuni mwa jabali, na kivuli hakuna. Vaa viatu vya kufungwa, anza alfajiri, beba maji ya kutosha. Mwenye kuogopa kimo apande feri tu.

Fedha taslimu zichukue Chania. Usitegemee kukuta ATM kijijini. Umeme ni volti 230, karibu sawa na kwetu, ila soketi zao ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja ya pini tatu bapa inahitaji adapta. Dawa unazotumia kila siku zibebe za kutosha, pamoja na cheti cha daktari, kwa sababu hospitali iko Chania, nyuma ya milima. Namba ya dharura ni 112. Saa hubadilishi wakati wa kiangazi: Ugiriki inakuwa sawa na Tanzania, Kenya na Uganda, ila mwezi wa Juni jua linazama saa mbili na nusu usiku, jambo linalomhusu anayesubiri sala ya magharibi. Kibla kutoka Krete ni kusini-mashariki, na kijijini hakuna msikiti. Nguruwe na divai ni vya kawaida mezani, na baada ya chakula wenyeji huleta raki, pombe kali ya zabibu, bila kuulizwa. Ukikataa kwa upole hawakasiriki. Samaki huuzwa kwa kilo, kwa hiyo omba apimwe mbele yako kabla hajaenda jikoni. Na sikio la Mswahili lijiandae: "ne" kwao ni ndiyo.

Aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja atashangazwa na bahari yenyewe. Maji hayapwi wala hayajai kwa namna ya kuonekana. Boti zinakaa pale pale kutwa. Mchanga haupo, ni kokoto, na kwenye miamba kuna shokoro, wale viumbe wa baharini wenye miiba, kwa hiyo viatu vya majini ni lazima. Mwezi wa Mei maji bado ni baridi kwa aliyezoea Bahari ya Hindi. Yanapendeza zaidi Septemba, na watu wameshapungua.

Katikati ya njia ya kwenda Chora Sfakion kuna ufuo uitwao Glyka Nera, yaani maji matamu. Boti ndogo zinakupeleka kutoka kijijini. Piga magoti hatua chache kutoka kwenye wimbi, chimba kokoto kwa mikono mpaka kiwiko. Shimo linajaa maji yanayopanda toka chini, baridi ya kuuma vidole, na ukiyaonja hayana chumvi hata chembe. Yametoka mlimani, yamepita chini ya miamba, yanatokea pale ukingoni mwa bahari. Nenda na chupa tupu, na kabla hujamlipa mwenye boti, muulize saa ngapi anarudi mara ya mwisho.