Ukifika Uingereza usiishie London, nenda ukaone kanisa la Boston

Najua kuna ndugu zangu wa Masasi, Newala na hapa Mtwara mjini mnaopata safari za Uingereza, wengine masomo, wengine kumsalimia mtoto, alafu mnarudi na picha za London basi. Safari ijayo tengeni siku moja mwende Boston. Sio ya Marekani, hii ni mji wa soko huko Lincolnshire, na ile ya Marekani ndo ilichukua jina kwa huu.

Kwa nini huko? Askofu Edward Steere, yule aliyetoka Lindi kwa miguu na watu waliokombolewa utumwani wakafika Masasi mwaka 1876, kabla ya kuja kwetu alikuwa padri wa kijiji kinaitwa Little Steeping, upande huohuo wa Boston. Askofu Tozer aliyemtangulia naye alikuwa padri wa Burgh-le-Marsh, sio mbali na hapo. Sisi Waanglikana wa kusini kanisa letu limetokea kwenye mashamba yale kabisa, mi nilipolijua hilo sikulala mpaka nimeenda.

Panda treni King's Cross, badilisha Grantham, shuka Boston. Nenda Jumatano au Jumamosi, ndo siku za soko. Njia huulizi mtu, mnara wa kanisa una mita zaidi ya 80 na nchi yote ile ni tambarare, unauona ungali mbali. Wenyeji wanauita The Stump, yaani Kisiki, na zamani mabaharia walikuwa wanautazama huo wajue bandari iko wapi.

Usikimbilie ndani. Kwenye ukuta wa chini ya mnara tafuta alama za mafuriko, wamechonga mstari na mwaka kila bahari ilipopanda ikaingia na mto Witham, utaona 1953, 1978, na juu yake Desemba 2013 ambapo maji yaliingia mpaka kanisani. Weka kiganja kwenye ule mstari wa 2013 alafu geuka uangalie mto ulivyo chini pale. Mimi niliogopa kweli.

Ndani vaa koti, mawe yale yanatunza baridi. Mwanaume vua kofia, mama hulazimiki kujitanda. Picha piga ila kukiwa na ibada acha. Utaona sanduku la sadaka na kamashine ka kugusa kadi, toa chochote, jengo limeanza kujengwa 1309 na mzigo mkubwa wa kulitunza wanabeba waumini wenyewe.

Utakanyaga makaburi, usishtuke, kwao ni kawaida watu kuzikwa chini ya sakafu. Tafuta lile jiwe jeusi la Wisselus Smalenburg, mfanyabiashara wa Münster kule Ujerumani, alifariki 1340. Jiwe la kaburi la Mjerumani limefikaje Boston? Sufi! Enzi hizo Boston ilikuwa bandari kubwa ya kupeleka sufi ya kondoo ng'ambo, na pesa ya sufi ndo ikanyanyua kanisa hili, kama kwetu ambavyo msimu wa korosho ukienda vizuri unaona nyumba zinaezekwa bati.

Sasa sehemu ambayo mtu wa kwetu asiikose ni viti vya kwaya, kule mbele. Omba ruhusa kwa wale wazee wa kujitolea, wanafurahi sana mtu akiuliza, alafu inua kiti taratibu kwa mikono miwili. Chini yake kuna kinyago! Vimechongwa kwa mti wa mwaloni miaka ya 1300 mwishoni, na kile kijukwaa kidogo kilicho juu ya kinyago kilikuwa cha kuegemea makalio watu waliosimama ibada ndefu. Kuna mwalimu anamchapa mtoto fimbo, wenzake wanaangalia, kuna dubu anapiga kinanda. Mimi nimekulia karibu na wachonga mpingo, nilipiga magoti pale nikaangalia mkunjo wa nguo ya yule mwalimu, jinsi patasi ilivyopita mara moja bila kurudia, fundi yule angekaa na mafundi wa Kimakonde wangeelewana bila kuongea.

Mnara uliza kwanza kama uko wazi siku hiyo. Wanasema ngazi ni 365 kama siku za mwaka, na nguzo 12, na madirisha 52. Ngazi ni nyembamba na zinazunguka, mwenye magoti mabovu abaki chini.

Ukikuta ibada ya Jumapili kaa, sisi ni wa kanisa moja nao. Ila usitegemee uvumba na chetezo kila mahali kama tulivyozoea Masasi, makanisa mengi kule ni ya kimyakimya zaidi. Kama hupokei komunyo, nenda mbele ukunje mikono kifuani, padri atakubariki. Baada ya ibada kuna chai na biskuti mara nyingi, usitoroke, na kwenye kitabu cha wageni andika Masasi, Tanzania, kwa herufi kubwa.

Ukipata usafiri malizia Little Steeping, kanisa la Mtakatifu Andrea, dogo tu la kijijini. Milango ya makanisa haya ina pete ya chuma, izungushe mpaka usikie kitasa kimenyanyuka ndo usukume, wengi wanadhani pamefungwa wanaondoka. Steere mwenyewe alifariki 1882, kazikwa Mkunazini Zanzibar nyuma ya altare. Mimi siku ile nilikaa benchi la nyuma, hakukuwa na mtu, nikasali Baba Yetu kwa Kiswahili kwa sauti.