Kupakia programu na data kwenye kumbukumbu ya QEMU kabla mashine haijaanza

Kama programu yako ni ndogo na haihitaji mfumo endeshi, huna haja ya kutengeneza picha ya diski. QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, ina kifaa kiitwacho `loader` ambacho huiweka programu moja kwa moja kwenye RAM, kwenye anwani unayoitaka, kabla prosesa haijatekeleza amri hata moja. Kifaa hicho kina kazi tatu: kumwaga faili kwenye kumbukumbu, kuandika namba isiyozidi baiti 8, na kuielekeza prosesa ianzie wapi. Makosa mengi huzaliwa pale mtu anapozichanganya kazi hizo, na ubaya wake ni kwamba mengi hayatoi ujumbe wowote.

Tutumie mashine ya `virt` ya ARM ya biti 64. RAM yake inaanzia 0x40000000, lakini hapo mwanzoni kabisa usiweke kitu: usipotumia `-kernel` (chaguo la kupakia kerneli), QEMU yenyewe huweka pale DTB, yaani maelezo ya vifaa vya mashine. Faili lako likigongana nayo, QEMU inagoma kuanza na kulalamika kuwa maeneo ya ROM yanaingiliana. Ukiruka MiB 1 uko salama. Kwa hiyo programu tutaiweka 0x40100000 na data 0x40200000.

Programu yenyewe inasoma herufi moja moja na kuzituma kwenye UART (kifaa kinachopeleka herufi kwenye terminali), iliyoko 0x09000000, mpaka ikutane na sifuri:

```
.globl _start
_start:
    ldr  x0, =0x09000000
    ldr  x1, =0x40200000
1:  ldrb w2, [x1], #1
    cbz  w2, 2f
    str  w2, [x0]
    b    1b
2:  wfi
    b    2b
```

Ihifadhi kama `soma.s`, kisha:

```
aarch64-linux-gnu-as -o soma.o soma.s
aarch64-linux-gnu-ld -Ttext=0x40100000 -o soma.elf soma.o
aarch64-linux-gnu-objcopy -O binary soma.elf soma.bin
printf 'Habari\n\0' > neno.bin
```

Sasa iwashe:

```
qemu-system-aarch64 -M virt -cpu cortex-a53 -m 256 -nographic \
  -device loader,file=soma.bin,addr=0x40100000,cpu-num=0,force-raw=on \
  -device loader,file=neno.bin,addr=0x40200000,force-raw=on
```

Neno "Habari" litatokea kwenye terminali. Kutoka, bonyeza Ctrl-A kisha X. Usiache `-cpu`: usipoitaja, `virt` inachukua Cortex-A15, ambayo ni ya biti 32, na amri zako haitazielewa.

Tazama `cpu-num=0` ilipo. Iko kwenye mstari wa programu tu. Jina lake linapotosha, kwa sababu ukiitaja, QEMU haichagui prosesa tu, bali pia inaielekeza PC ya prosesa hiyo (rejista inayoshika anwani ya amri inayofuata) kwenye anwani ya faili. Ukiibandika na kwenye mstari wa data "kwa usalama", prosesa itarukia 0x40200000 na kujaribu kutekeleza herufi za "Habari" kama amri. Ukiisahau kabisa, PC inabaki 0, kwenye flashi tupu. Amri ya kwanza huko haina maana, prosesa inapata hitilafu na kukwama 0x200. Ukiona PC iko 0x200 na skrini kimya, usianze kupekua msimbo wako, haujaguswa bado.

Kosa jingine la kimyakimya ni kuandika `addr=40100000` bila 0x. QEMU inaisoma kama namba ya kawaida ya desimali, ambayo ni sawa na 0x263E0A0, na anwani hiyo iko ndani ya flashi. Faili linapakiwa bila lalamiko lolote, mahali pasipo pake.

Ukiwa na faili la ELF, kama `soma.elf` tuliyotengeneza juu, `addr` haihitajiki kwa sababu anwani zimo ndani ya faili lenyewe; andika `file=soma.elf,cpu-num=0` basi. Ila ukitoa `addr` pamoja na ELF haifuatwi. Ukitaka kuihamisha programu, badilisha `-Ttext`, au tumia faili ghafi. Na `force-raw=on` ina faida yake pale unapotaka ELF nzima, vichwa na vyote, ikae kumbukumbuni kama data, mfano unapojaribu kipakizi ulichoandika mwenyewe. Bila hiyo, QEMU itaifungua.

Kwa data ndogo huhitaji faili. "Habari" pamoja na mstari mpya na sifuri ya mwisho ni baiti 8 kamili:

```
-device loader,addr=0x40200000,data=0x000a697261626148,data-len=8
```

Baiti zimegeuzwa: H, yaani 0x48, iko mkiani, kwa kuwa mpangilio wa kawaida unaanza na baiti ndogo. Kama kugeuza kunakuchanganya, ongeza `data-be=on` na uandike 0x4861626172690a00. `data-len` ni ya lazima.

Kabla ya kulaumu programu, angalia kumbukumbu. Ongeza `-S` ili prosesa isianze, bonyeza Ctrl-A kisha C kuingia monita (mahali pa kuiamuru QEMU yenyewe), halafu:

```
info roms
xp /8xb 0x40200000
info registers
cont
```

`info roms` inaonyesha ulichoomba. `xp` inaonyesha kilichopo. Naiamini zaidi hii ya pili. Hapa inapaswa kuanza na 0x48 0x61 0x62, na PC iwe 0x40100000. Kama `info roms` inalitaja faili lakini `xp` haioni kitu, huenda umevuka RAM: kwa `-m 256` mwisho ni 0x4fffffff.

Ukitoa `system_reset`, vitu vyote ulivyopakia kwenye RAM vinaandikwa upya na PC inarudi mwanzo, hivyo data iliyobadilishwa na programu inarudi ilivyokuwa. Sehemu nyingine za RAM hazifutwi. Programu inayotegemea sifuri mahali ambapo hukupakia kitu itafanya kazi mara ya kwanza, kisha itaharibika baada ya kuwashwa upya.