Wimbo wa kuanua dagaa: namna ya kuimba pamoja nyumbani, hatua kwa hatua

Kwetu Igombe, Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ratiba ya muziki wa nyumbani anaipanga mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga wa taa juu ya maji. Mwezi ukikaribia kujaa taa hizo hazina nguvu tena, mitumbwi inapumzika na wavuvi wanarudi kulala majumbani. Siku hizo chache baba watoto yuko nyumbani jioni, na ndizo siku tunazoimba. Tuko sita: mimi na mume wangu, mama mkwe, binti wa miaka 14, mdogo wake wa kiume wa miaka 9, na kitindamimba wa miaka 5.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nilipoanza kuimba na watu wangu nilileta nyumbani wimbo wa kwaya wa sauti nne, nikaandika nota ubaoni, nikawapanga kwa sauti. Watoto wakakaa kama wako darasani, baba yao akanyamaza, na wiki ya pili wimbo ulikuwa umekufa. Uliokuja kudumu ni ule tuliouokota kwenye kazi yetu wenyewe. Wasukuma wanalijua hili tangu zamani: Bugobogobo, ngoma ya majembe, ililelewa shambani, watu wakilima kwa mapigo ya ngoma. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kazi. Nota zinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Tafuta kazi mnayoifanya wote

Iwe kazi inayowakusanya hata wasiopenda kuimba. Kwenu inaweza kuwa kupukuchua mahindi, kuchambua mchele, kufua siku ya Jumamosi au kuteka maji. Kwetu ni dagaa. Tukiwa tumewaanika, wingu likatokea upande wa ziwa, kila mtu anaacha alichoshika na kukimbia, kwa sababu dagaa wakinyeshewa wanaharibika na bei inaanguka. Mtu wa kwanza kuliona wingu hupiga kelele, wengine wanaitikia kwa kukimbia. Huo tayari ni wimbo wenye mwanzilishi na waitikiaji.

Sikilizeni mnachosema mkiwa kazini, mkiandike kilivyo. Sisi tulipata mistari miwili tu:

Mwanzilishi: *Mvua yaja ziwani!*
Wote: *Anua dagaa, anua dagaa!*

Inatosha. Mtoto wa miaka mitano anaushika mstari wa pili siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Sema maneno kwa mapigo kabla ya kuyatafutia sauti

Hapa msiharakishe. Nyimbo nyingi za nyumbani, na za kwaya pia, zinaharibikia hapa.

Neno la Kiswahili lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: a-NU-a, da-GA-a, zi-WA-ni. Mkazo huo ukiangukia pigo zito la ngoma, neno linasikika. Ukiangukia pengine, msikilizaji anasikia sauti nzuri isiyo na maana. Mimi mwenyewe nilitunga sauti ya kwanza nikaipenda, yenye "a" ndefu ya juu mwanzoni: *aaaa-nua*. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kibarazani. Akainua kichwa akaniambia, "Mwanangu, hilo neno umelivunja mguu. Sisi tukiona wingu tunasema a-NU-a. Mtu akiita hivyo unavyoita wewe, sikimbii."

Nikaifuta. Tukaanza upya bila kuimba kabisa, tukisema tu huku tukipiga magoti kwa viganja. Kila pigo zito tuliligawa nafasi tatu, na maneno yakajipanga hivi (herufi kubwa ndilo pigo zito, kistari ni kuvuta sauti au kunyamaza):

Mwanzilishi: MVU – a | YA ja zi | WA ni – | – – (a)
Wote: NU a da | GA a a | NU a da | GA a –

Tazama ile "a" iliyo kwenye mabano. Ni silabi ya kwanza ya "anua", na inaingia mwishoni mwa pigo la nne la mwanzilishi, kabla ya pigo lenu la kwanza. Waitikiaji wakisubiri pigo zito ndipo waanze, watachelewa kila mara. Wafundishe kuvuta pumzi mwanzilishi anapotamka "-ni".

Tazama pia katikati ya kiitikio: "dagaa" inaishia na "a" mbili, na "anua" inaanza na "a" nyingine. Zikiachwa hivyohivyo zinayeyuka kuwa moja na wimbo unapungukiwa nafasi moja. Mwanangu wa miaka 9 alikuwa akizimeza, halafu anafika mwisho kabla ya wenzake bila kujua kwa nini. Tulimwambia aziguse kidogo kooni, kila moja kivyake, kama anayepanda ngazi. Siku mbili zikatosha.

Binti yangu alitaka tuseme "anueni", kwa kuwa tunaoambiwa ni wengi. Kisarufi yuko sahihi. Lakini jaribu kulisema: a-nu-E-ni. Mkazo umehamia kwenye "e", na mpangilio wote unabomoka. Tukabaki na "anua", kila mtu akijiambia mwenyewe. Ukibadilisha neno moja kwenye wimbo wenu, lipime upya hivi kabla ya kuliingiza.

Mwendo wetu ni mapigo mazito kama 70 kwa dakika. Ukitaka uhakika, programu ya simu ya kuhesabu mapigo itakusaidia siku ya kwanza. Kisha izime, asubuhi na mapema mtauimba pole pole, wingu likija kweli mtauimba mbio.

Hatua ya 3: Tafuta do ya mtoto

Do ni nota ya kwanza ya ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti; ikipanda au ikishuka, wimbo mzima unaifuata. Watu wazima wana tabia ya kuanzisha wimbo pale panapowafaa wao. Mwanaume akianza chini, watoto wananguruma; mama wa soprano akianza juu, watoto wanapiga kelele na mishipa ya shingo inawatoka. Anza na koo dogo kuliko yote nyumbani, wengine wajipange kwake.

Sauti tuliyoitumia ni hii:

Mwanzilishi: so – so | la so mi | so so – | – – (so)
Wote: mi mi re | do do do | re re mi | do do –

Kutoka do hadi la ni nota sita tu, na watoto wengi wanazifikia wakipewa mahali pazuri pa kuanzia. Fungua programu ya kinanda kwenye simu, bonyeza D iliyo juu kidogo ya C ya katikati, uifanye do. Mwambie mtoto aimbe *la* ya mwanzilishi. Akikunja uso au akiinua kidevu, shuka hadi C. Akiimba huku anatabasamu, baki hapohapo. Baba ataimba nota zilezile oktavu moja chini, na hilo halihitaji kuelezwa. Sauti yake itaenda huko yenyewe.

Hatua ya 4: Vyombo, kutokana na vilivyopo

*Dumu la lita 20.* Liwe kavu ndani, mfuniko umetolewa, limelazwa mapajani. Kiganja katikati ya ubavu mpana kinatoa mlio mzito. Vidole karibu na ukingo vinatoa mlio mwembamba. Mpigaji wa dumu anapiga pigo zito peke yake, nafasi ya kwanza kati ya zile tatu. Mpe mtu asiyependa kuongeza mapambo kwenye mapigo. Kwetu ni baba watoto, na tangu apewe dumu hakuna aliyewahi kumwita mazoezini mara mbili.

*Manyanga.* Chupa ya maji ya nusu lita, iliyokauka vizuri, na kiganja kimoja cha choroko. Mchele unalia kwa unyonge, kokoto zinafunika sauti za watu. Ukijaza zaidi ya robo ya chupa choroko zinakosa pa kurukia na mlio unafifia. Manyanga yanapiga nafasi zote tatu, na huyu anahitaji mkono usiochoka. Mama mkwe anawashinda wote.

*Chupa za soda.* Hizi ni za mtoto ambaye bado hajashika sauti, ili naye awe na nota ya kweli mkononi. Chukua chupa mbili za kioo, weka maji, puliza juu ya mdomo kama anayepoza chai, ukilinganisha na kinanda cha simu. Ukipuliza, kinacholia ni hewa iliyo ndani: maji yakiongezeka hewa inapungua na sauti inapanda. Ukigonga chupa kwa kijiko mambo yanageuka, maji yakiongezeka sauti inashuka. Watu wanachanganya haya mawili na kukata tamaa, kwa hiyo amua mapema kama mnapuliza au mnagonga. Sisi tunapuliza: moja ina maji kidogo na inatoa so ya chini, nyingine ina maji zaidi na inatoa do. Weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, usirudie kutafuta kila siku.

Kama mna ngoma ya ngozi, kumbukeni kwamba hewa ya ziwa ina unyevu. Masika yakifika ngozi inalegea na ngoma inalia kama mto wa kulalia. Ianikeni juani, au isogezeni karibu na makaa dakika chache mkiigeuza na kuigonga mpaka sauti ipande. Msiisogeze sana, ngozi ikipata moto wa ghafla inapasuka. Watoto wakitaka kuona ngoma za kila umbo, wapelekeni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa.

Hatua ya 5: Unganisha

Dumu kwanza, peke yake, mpaka litulie. Kisha manyanga. Kisha kiitikio, wote kwa sauti moja, mara nyingi hata kama mmechoka nacho. Mwanzilishi aingie mwisho. Ukianza na mwanzilishi, watoto wote wanataka kuwa mwanzilishi na hakuna wa kuitikia.

Jioni ya kwanza isizidi dakika 20. Acheni wakati watoto bado wanataka.

Hatua ya 6: Sauti ya pili na besi

Msiingie hapa mpaka kiitikio kiimbike huku mikono ikiwa na kazi. Sisi tulisubiri hadi mbalamwezi ya mwezi uliofuata.

Anayechukua sauti ya pili anaanza so ileile na wenzake, halafu anabaki juu yao:

(so) so so fa | mi mi mi | fa fa so | mi mi –

Umbo ni lilelile la sauti ya kwanza, limepandishwa tu. Msimamishe binti upande wa pili wa chumba, mbali na wanaoimba sauti ya kwanza, azibe sikio moja ajisikie. Akivutwa na wenzake, usimsahihishe kwa maneno. Simama ubavuni pake uimbe naye mara tatu, kisha nyamaza ghafla uone kama amebaki.

Besi ina nota nne, moja kwa kila pigo zito: do, do, so ya chini, do. Ni hizohizo za chupa za soda. Jioni ile kitindamimba alipuliza chupa yake ya so kwenye pigo la tatu na baba yake akaishukia so hiyohiyo, na mtoto akaacha kupuliza akamtazama baba yake mdomoni. Tulirudia pigo lile la tatu mpaka uji ukapoa.

Hatua ya 7: Mistari mipya, na simu

Kila mwanafamilia aongeze mstari wake wa mwanzilishi, wenye mikazo mitatu kama ule wa kwanza. Wa binti yangu ni *Bibi kaona wingu!* Upime: BI – bi ka | O na – | WI ngu –. Umekaa. Wa mdogo wake, *Paka anawanyemelea*, una silabi nyingi mno, bado anaupunguza.

Kurekodi kusije mapema. Kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma la mwezi Juni, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kuvutia watazamaji, na uzuri wa mashindano uko hapo. Nyumbani hamna wa kumvuta, na simu ikishawashwa watoto wanaanza kuimbia simu. Mkiwa tayari, ilazeni juu ya kanga iliyokunjwa, kwenye stuli, hatua mbili kutoka kwa waimbaji na mbali zaidi na dumu. Chumba chenye kitanda na mapazia kinarekodi vizuri kuliko sebule tupu. Na muwahi: mvua ikianza kugonga bati hamtasikika, na dagaa watakuwa bado nje.