Kunusuru nyanya na hoho dhidi ya baridi ya usiku kwenye kitalu nyumba

Juma lililopita jirani yangu aliniita nikaangalie nyanya zake. Majani yalikuwa zambarau upande wa chini, maua yamepukutika, na yeye alishanunua mfuko mzima wa mbolea ya fosforasi. Fosforasi ilikuwepo tele ardhini. Mizizi ilikuwa na baridi, na mizizi yenye baridi haiwezi kuifyonza hata uimwage kwa ndoo. Niliyomwelekeza siku ile ndiyo haya.

Hatua ya 1: Pima palipo na mmea

Tafuta kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya kiwango cha chini na cha juu kabisa. Kile cha kawaida cha ukutani hakikufai, maana baridi kali huja kabla ya jua kuchomoza, nawe umelala. Kitundike katikati ya kitalu, usawa wa vilele vya mimea, kivulini, mbali na mlango. Kisome kila asubuhi kisha ukirudishe sifuri.

Utabiri wa hali ya hewa usiutegemee. Plastiki ya kawaida ya tabaka moja hupitisha joto la mnururisho, yaani joto linalosafiri kama miale bila kubebwa na hewa. Usiku mtulivu wenye nyota nyingi, joto la mimea huelekea angani moja kwa moja, na ndani ya kitalu panaweza kuwa na baridi kuliko nje. Nilibisha hadi nilipotundika vipimajoto viwili, kimoja ndani na kingine nje.

Hatua ya 2: Jua mipaka

Nyanya hustawi usiku ukiwa na nyuzi 15 hadi 18. Zikishuka chini ya 13 hivi, chavua hudhoofika na maua huanguka au hutoa matunda yenye kasoro. Chini ya 10 ukuaji husimama. Hoho ni laini zaidi: chini ya 15 tayari utaona vitunda vidogo bapa visivyo na mbegu.

Hatua ya 3: Funga mapema, lakini usifunge unyevu

Hapa ndipo nilipopoteza mimea, kwa hiyo nivumilie.

Shauri utakalolisikia kila mahali ni kufunga mapazia ya pembeni mchana, kabla jua halijapoa, ili joto lilale ndani. Shauri zuri. Nikalifuata kwa bidii mno: nilifunga saa tisa alasiri, nikafungua saa tatu asubuhi, siku tano mfululizo. Joto lilipanda kidogo kweli. Siku ya sita mashina yalikuwa na ukungu wa kijivu kama vumbi la majivu, ukianzia kwenye vidonda vya kupogolea.

Sababu ni kwamba mimea hutoa maji mchana kutwa. Ukifunga, maji hayo yote hubaki hewani. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 14 na nusu tu. Yaani kabla ya usiku wa manane kila jani limelowa, na jani likikaa limelowa saa nyingi kwenye ubaridi, ukungu wa kijivu na bakajani chelewa (ugonjwa unaoozesha majani na matunda ya nyanya) wamekaribishwa nyumbani.

Sasa nafanya hivi. Jua likianza kupungua nguvu nafunga upande mmoja, ule unaopigwa na upepo. Upande wa pili nauacha wazi kiasi cha kiganja kwa robo saa hivi ili hewa nzito itoke, ndipo nafunga. Ndiyo, joto fulani hupotea. Joto hilo ni la hewa tu, na hewa haibebi joto jingi. Joto la maana limo ardhini na kwenye maji.

Alfajiri ni muhimu zaidi, na wengi huikosea. Jua likipiga plastiki, hewa hupata joto upesi lakini tunda, kwa kuwa ni zito na limejaa maji, hubaki na baridi. Umande hujikusanya juu yake kama kwenye chupa iliyotoka kwenye friji. Kwa hiyo fungua kidogo mara tu jua linapochomoza, usisubiri pawe na joto, kisha ongeza taratibu.

“Na kama nje kuna ukungu mzito?” Jirani aliniuliza hivyo hivyo. Fungua, almradi jua linaanza kupasha. Hewa ya nyuzi 10, hata ikiwa imeshiba maji kabisa, ikiingia na kupanda hadi 18 unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 60. Usiku wa manane, bila chanzo cha joto, hesabu hiyo haifanyi kazi. Usijaribu.

Umwagiliaji ni asubuhi tu. Wa jioni sitaki hata kuusikia.

Hatua ya 4: Hifadhi joto

Udongo wenye unyevu kiasi hutunza joto kuliko mkavu. Matandazo mazito ya nyasi huzuia jua lisiupashe, kwa hiyo msimu wa baridi nayaondoa kati ya mistari.

Mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi husifiwa kupita kiasi. Pipa la lita 200 likipoa kwa nyuzi 10 hutoa kama wati 230 kwa saa 10. Kitalu chenye mita za mraba 150 za plastiki, kikizidi nje kwa nyuzi 5 tu, huvujisha zaidi ya wati 4,000. Hesabu mwenyewe ni mapipa mangapi. Mimi naona heri pazia la pili: plastiki au kitambaa chepesi kinachovutwa juu ya mimea jioni na kukunjwa asubuhi.

Hatua ya 5: Jiko la mkaa, hapana

Ndani ya kitalu kilichofungwa, gesi ya kaboni monoksidi huua mtu bila harufu. Hata usipoingia, moshi una ethilini, nayo huangusha maua na kukunja majani kuelekea chini. Ukilazimika kupasha, tumia hita ambayo moshi wake unatoka nje kwa bomba.

Hatua ya 6: Baridi ikishapiga

Usikate kitu siku hiyo. Ngoja siku nne au tano hadi uone mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai, kisha pogoa mchana mkavu. Mbolea ya naitrojeni isimamishe mpaka machipukizi mapya yaonekane. Ule mfuko wa fosforasi jirani ameufunga vizuri, atautumia msimu ujao.